Kibali cha Ukuta wa Mita Tatu

Wiki ya saba baada ya kumzika mumewe, Evelina aliandika barua ya kuomba kibali cha kuinua ukuta wa duka lake. Aliiandika kwa mkono na kuichana mara mbili, kwa sababu kila alipofika kwenye sababu za maombi alijikuta ameandika jina la Fanueli na kushindwa kuendelea. Mara ya tatu aliandika tu: "Kwa usalama wa mali na watu." Akaipitisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha akapanda nayo hadi ofisi ya mipango miji.

Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya kuingilia Lushoto mjini. Nyuma yake palikuwa na uwanja wa kuwekea nondo, mabati na mabomba, umezungukwa na ukuta wa matofali uliomfikia mtu mzima kifuani. Ndivyo ilivyotakiwa eneo lile: ukuta wa biashara usizidi mita moja na nusu, anayetaka zaidi aombe, na majirani waulizwe. Evelina aliomba mita tatu, na seng'enge juu yake.

Fanueli alikuwa ameuawa mchana kweupe. Ilikuwa Jumapili, Evelina yuko kanisani na kwaya, Fanueli amebaki nyumbani, pale pale penye duka, kwa mafua. Watu wawili waliruka ukuta, wakaanza kurusha mabunda ya nyaya za umeme upande wa barabarani. Akatoka na kandambili zake kuwauliza wanafanya nini. Mmoja akampiga kichwani na kipande cha bomba. Walikimbia na hawajapatikana mpaka leo. Evelina alipofika, mumewe alikuwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, tayari kupelekwa hospitali, macho yamefumba. Hakuyafumbua tena. Alifariki Jumanne.

Aliyemkuta wa kwanza alikuwa jirani yao, Salama, mjane wa miaka sitini na kitu aliyekuwa na kitalu cha miche upande wa magharibi wa ule ukuta. Alikuwa akiotesha parachichi na plamu kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, na wakulima walitoka hata Rangwi kuja kununua kwake. Kwa miaka kumi na tisa yeye na Evelina walisalimiana juu ya ukuta kila asubuhi, mmoja akifungua duka, mwenzake akimwagilia. Baada ya msiba, Evelina alianza kufungua duka kwa mlango wa mbele, asipite uwanjani. Hakujua kwa nini hasa. Kila alipomwona Salama aliona mikono iliyomshika Fanueli kabla yake.

Binti yake Happiness, aliyeolewa Korogwe, alikuwa akimpigia simu kila jioni. "Mama, ukuta umefikia wapi? Mimi silali." Evelina naye alikuwa halali.

Afisa wa mipango miji alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa kijana anayeitwa Anord, mpole, na koti lake lilikuwa limelowa manyunyu. Alimwamkia Evelina shikamoo, akampa pole, akauzunguka uwanja na tepu yake akiandika vipimo. Alipomaliza alisema inabidi wamwite jirani wa magharibi.

Salama alikuja akijifuta udongo mikononi kwa kanga. Wakasimama watatu, yeye upande wake, wao upande wao.

"Shikamoo, dada," Evelina alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda."

Anord akaeleza maombi. Akaonyesha kwa mkono juu ya kichwa chake mahali ukuta utakapofika. Salama akautazama ule mkono, kisha akageuka kutazama viriba vyake, safu kwa safu, kwenye kipande chembamba cha ardhi.

"Jua la hapa lenyewe linachelewa kutoka nyuma ya mlima," alisema. "Ukiweka ukuta huo, mimi nitaliona saa tano. Miche midogo ikikaa na umande mpaka saa tano inaoza shina."

"Ndiyo maana tunakuuliza, mama," Anord alisema. "Una haki ya kupinga. Na kuna njia nyingine: upande huu tu mama Evelina anaweza kuacha matofali yalivyo, juu aweke wavu wa chuma mpaka hizo mita tatu. Mwizi hapiti, jua linapita."

Evelina hakuwa ameliwaza hilo. Lilikuwa jambo la maana, na alikuwa karibu kusema sawa. Lakini Salama hakuwa amemaliza.

"Na kitu kingine, Mama Happiness. Usinielewe vibaya. Kwa ukuta kama huo, siku ile nisingemwona Baba Happiness. Nilisikia kishindo, nikanyanyua kichwa, nikamwona kaanguka. Nikaruka hapa hapa, na magoti yangu haya. Ukuta ungekuwa mrefu, angelala pale peke yake."

Evelina aliuliza swali alilokuwa akilikimbia kwa wiki saba. "Alikuwa anaongea?"

Salama akakunja ncha ya kanga yake. "Aliongea. Kidogo."

"Alisema nini?"

"Nilimwambia namtuma mtu akakuite kanisani. Akanishika mkono. Akasema, 'Mwache amalize kuimba.' Alisema ni kichwa tu kinamuuma, atainuka mwenyewe. Nikaona anaongea vizuri, nikajua kweli si kitu. Nikamfunga kidonda, nikampa maji. Baadaye ndiyo akaanza kulegea, nikapiga kelele."

"Baadaye lini?"

"Nusu saa, labda. Sikuwa na saa."

Anord aliinamisha macho kwenye karatasi zake.

"Nusu saa," Evelina alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nusu saa mume wangu alikuwa anaongea, na mimi niko mwendo wa dakika kumi, naimba. Na wewe ukamsikiliza mtu aliyepasuka kichwa."

"Aliniomba, mdogo wangu."

"Mimi ndiye mkewe!"

Mwenye bajaji aliyekuwa akipita barabarani aligeuza shingo. Machozi yalimtoka Salama, akayaacha yateremke.

"Weka ukuta," Evelina alimwambia Anord. "Matofali. Pande zote. Wavu sitaki."

Anord alimgeukia Salama, akamweleza taratibu kwamba akiwa na pingamizi liandikwe, kikao kitalisikiliza, na huenda kikakubaliana naye. Salama aliunyosha mkono juu ya ukuta, akaomba kalamu.

"Sina pingamizi," alisema, akatia sahihi.

Kibali kilitoka baada ya mwezi mmoja na nusu. Fundi Tobia na vijana wake walijenga kwa siku tisa, wakapiga lipu, wakafunga seng'enge. Happiness alipotumiwa picha alisema sasa atalala. Evelina alikaa uwanjani jioni ile akitazama kuta nne, akangoja kusikia moyo umetulia. Alisikia tu kopo la Salama likigonga pipa la maji upande wa pili.

Mvua za masika zilipoanza, ukungu ulishuka na kukaa. Mteja mmoja, aliyekuja kununua misumari, alisema kwa Bi Salama miche imekufa karibu yote, imelala kwenye viriba kama mboga iliyochemshwa. Evelina alimfungia misumari yake kwenye gazeti. Siku hiyo alikwenda mpaka kwenye geti la kitalu. Alisimama pale na mwavuli. Kisha akarudi dukani.

Mwezi wa saba Salama alihama. Mwanawe wa kike, Rukia, alikuja kumchukua akaishi naye Muheza. Evelina aliliona lori dogo likipita mbele ya duka na kitanda, masufuria na viriba vichache vilivyopona. Salama alikuwa amekaa mbele na dereva. Alimpungia mkono. Evelina, kabla hajajua la kufanya, lori lilikuwa limeshakata kona.

Alikaa na jambo hilo mpaka Septemba. Halafu alimwita Tobia, akamwambia ashushe matofali ya upande wa magharibi mpaka kifuani na aweke wavu. Tobia alimkumbusha kwamba upande ule sasa hakuna mtu, ni majani matupu. "Nimekuita kubomoa, fundi," Evelina alisema. "Bomoa." Kazi ilipokwisha, alifunga duka siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba, akateremka kwenda Muheza.

Alimkuta Salama amekaa barazani kwa Rukia, amepungua, miguu ameinyosha juu ya mkeka. Salama alimkaribisha vizuri sana. Alimmenyea chungwa kwa mkono wake. Evelina alilishika bila kula, akasema ukuta ameubomoa, jua linapita, kitalu kiko pale pale, na kodi ya kiwanja kama ni tatizo watasaidiana. Alisema maneno mengi. Aliishiwa nayo, akalia.

"Dada, nisamehe."

"Nilikusamehe pale pale nikiwa na kalamu mkononi," Salama alisema. "Mimi mwenyewe ndiye sijajisamehe. Kila nikiamka namsikia anavyosema, na kila siku najibu, hapana, ngoja nimwite."

"Aliniwazia mimi."

"Aliwaza wimbo wako. Alikuwa anausikia, nadhani. Upepo ulikuwa unatoka huko."

Rukia alileta chai, akaona hali ilivyo, akarudi ndani.

"Utarudi?" Evelina aliuliza.

"Sitarudi, mdogo wangu. Pale siwezi kuinua kichwa nikatazama upande wenu." Alimpapasa mkono. "Huku kuna joto. Magoti yamepata nafuu."

Evelina aliondoka saa tisa asije akakosa gari la kupanda mlima. Hawakuonana tena. Hupigiana simu Idd na Krismasi, wakaulizana hali ya hewa, na kila mmoja humwachia mwenzake akate kwanza.