Kona ya Nyuma Kushoto

Alhamisi, saa nne asubuhi, fundi Mwadini aliweka viganja viwili juu ya kona ya nyuma kushoto ya Land Cruiser ya msiba, akaikandamiza kwa uzito wake wote, kisha akaiachia. Gari lilishuka, likapanda, likashuka tena. Mwadini alihesabu chini kwa chini kama mtu aliyeshika tasbihi. Gari lenye shokapu nzima hushuka mara moja, likapanda, likatulia. Hili lilitulia mara ya saba.

"Saba," akasema.

Jocelyne hakuinua kichwa. Cherehani yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja huohuo, na alikuwa akishona makava ya viti vya gari. Mwezi uliopita zilikuwa sita.

Uwanja wao ulikuwa Newtown, chini ya ile barabara kuu inayopita angani, kiasi kwamba matairi ya watu wenye haraka yaliunguruma juu ya vichwa vyao kutwa. Mwadini alikuwa mtu wa Tanga, na springi ndiyo kazi iliyomleta mjini. Jocelyne alitoka Lubumbashi. Gari lilikuwa mali ya Chama cha Faraja, chama cha Wakongomani. Walilinunua kuukuu kwa michango yao, kwa kazi moja tu: mwanachama akifia Johannesburg, apelekwe kwao akazikwe. Ni safari ya siku tatu, na barabara nyingine ni barabara kwa jina tu. Kwa miaka kumi na minne lilibeba majeneza, na springi zake za nyuma, ambazo zilitakiwa kujikunja kama upinde, zilikuwa zimenyooka kama rula ya mwalimu. Mafuta ya shokapu yalishavuja yote zamani, mahali fulani Zambia.

Mwaka uliotangulia chama kilichangishana kwa ajili ya ugonjwa huo. Mwadini aliandika anachohitaji kwenye kipande cha boksi: pleti moja ya kuongeza kila springi, ya mtumba lakini isiyo na ufa, bushi mpya za mpira, shokapu nne za kawaida, zisizo na rangi ya mapambo. Rais wa chama, Papa Parfait, ambaye kila mtu alimwita Prezida na ambaye mwenyewe alijiita hivyo akizungumza na mkewe, alikisoma kile kipande cha boksi akakunja uso. Alikuwa amekwenda Sandton, mtaa wa matajiri, juma lile. Aliona huko magari ya watu wa benki, marefu, ambayo mtu huyapanda kwa ngazi.

"Miye nataka ikuwe juu," alisema. "Ikipita, watu waulizane: ile ni ya nani?"

Kwa hiyo fedha ikanunua matairi makubwa, na vipande vinne vya chuma vya kupachika kati ya springi na ekseli ili bodi inyanyuke.

"Prezida, umenunua urefu, hukununua ulaini," Mwadini alimwambia. "Chuma hiki hakiigusi springi. Atakayelala nyuma atarushwa vilevile, ila atarushwa kutoka juu zaidi."

"Bwana fundi, atakayelala nyuma, umesha kumusikia analalamika?"

Wajumbe wa kamati walicheka sana. Tangu hapo gari likawa refu. Likafungwa riboni, likaongoza harusi. Lilimpeleka Prezida Sandton kuonana na watu aliowaita wabia. Katikati ya shughuli hizo lilipata pia nafasi ya kupeleka maiti, na maiti ya kwanza kupelekwa tangu lirefuke ilikuwa ya Placide, mume wa Jocelyne, mwezi wa pili.

Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Alhamisi ile, Mwadini alipokuwa bado anafuta mikono, Placide aliingia getini. Alivaa suti aliyozikwa nayo. Viatu vyake havikuwa na soli, na vumbi jekundu lilimfika magotini. Kichwa chake kililalia bega la kushoto na hakikutaka kunyooka.

"Jojo," akasema.

"Umekula?" Jocelyne akauliza.

"Nipatie maji kwanza."

Akapewa maji, akakalia kreti ya soda. Alikuwa ametembea kutoka Lubumbashi wiki kumi na moja. Mpakani walimdai pasipoti, akawaonyesha cheti cha kifo; afisa aliona kina mihuri yote akakigongea na wa kwake. Hakuja kuchokoza mtu, alisema. Alikuja kwa sababu ya shingo. Kuanzia kilomita ya mia mbili, kila shimo lilimpiga kichwa kwenye ubao wa jeneza, na walipomfikisha kaburini shingo ilikuwa imeshapinda. Walimzika akitazama ukuta wa kaburi. Hapati usingizi. Ana miezi mitano hajalala.

"Pole, ndugu yangu," Mwadini alisema. "Nilisema mimi."

"Najua ulisema. Hata kule tuliko inajulikana."

Jumapili, baada ya ibada, Jocelyne alimpeleka kwenye kikao cha chama. Jocelyne hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu, kwa hiyo alikaa, na Placide akasimama. Alieleza kwa adabu, kichwa begani. Hakuomba fidia. Aliomba gari litiwe springi na shokapu, ili yeye aweze kurudi kulala akijua kwamba wengine hawatapata aliyoyapata.

Prezida alimsikiliza huku akizungusha kalamu. Alivaa shati la kitenge cha chama, lenye sura yake mwenyewe iliyochapwa mara ishirini na nne, na zote zilikuwa zikitabasamu.

"Tunashukuru Papa Placide kwa kutokea mbali," akasema. "Lakini tufuate katiba. Uanachama wa mtu unakoma siku anapofariki. Asiye mwanachama hana haki ya kusema katika kikao. Katibu, maneno yake yasiandikwe."

"Yashaandikwa, Prezida."

"Yafutwe."

Yakafutwa. Wakaendelea na ajenda ya pili, iliyohusu kitenge cha mwaka ujao na kama sura ya Prezida iongezwe ukubwa.

Jumatano ikafa habari ya springi, kwa kuwa alikufa mtu. Alikuwa Steve, mlinzi wa jengo moja Marshalltown, mwembamba, aliyesimama mlangoni miaka tisa akiwafungulia watu wasiomsalimu. Jeneza lilipakiwa Ijumaa mchana. Mwadini alibonyeza kona ya nyuma kushoto. Saba. Placide aliyekuwa kwenye kreti yake akainuka, akavua koti la suti, akamkabidhi Jocelyne.

"Unafanya nini?" Jocelyne akauliza.

"Steve shingo yake ni nyembamba."

Akalala chali, akajisukuma chini ya gari kama fundi, akaweka bega mahali ambapo shokapu ilitakiwa kuwa. Mwadini akabonyeza tena. Gari likashuka mara moja, likapanda, likatulia. Lakini upande wa kulia bado ulirukaruka, jeneza likataka kuhama. Ndipo akaingia getini Carmel, msusi, aliyepelekwa na gari hilo mwaka wa kwanza wa korona, naye shingo yake begani. Na mzee Gaël, fundi viatu. Na Mama Héritière, aliyeuza samaki wakavu na kumpa kila mteja mmoja wa nyongeza. Hawakusalimiana sana, walijuana. Mama Héritière alichukua mbele kulia akisema kwamba hapo ndipo injini inapopasha joto, na yeye tangu Juni anasikia baridi.

Steve alifika Lubumbashi kama mtu aliyebebwa mgongoni na mama yake. Walipolifungua jeneza kumuaga, shingo yake ilikuwa wima.

Gari liliporudi, Prezida aliliendesha mwenyewe mzunguko mmoja wa Newtown, akapita kwa makusudi juu ya matuta yote, na robot, taa za barabarani, zote zikampa kijani. Alishuka akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi.

"Mnaona?" aliwaambia wajumbe. "Walisema shokapu, walisema pleti. Serikali yangu imetengeneza gari bila kutoa hata senti moja."

"Prezida, kuna watu chini," Mwadini akasema.

"Naona. Wakae vizuri."

Jocelyne alilikunja koti la mumewe, akaliweka juu ya cherehani, akaanza kufikiri. Na kwa kuwa kufikiri kwake kulikuwa kwa mikono, alifikiri huku anashona. Placide hataweza kurudi kulala mpaka pale alipoweka bega pawekwe chuma. Hesabu haikuwa na kona nyingine.

Alikuwa na mteja Sandton, Mkenya wa benki, mwenye Land Cruiser ya umri uleule ambayo haikuwahi kukanyaga matope. Alikuwa akiitengeneza kwa ajili ya jangwa alilokuwa anapanga kwenda kila mwaka. Jocelyne alipompelekea makava, alikuta mafundi wake wanafungua shokapu nzima ili wafunge nyingine zenye rangi ya dhahabu.

"Hizo unazipeleka wapi?" akauliza, na ilimgharimu kuuliza.

"Hizi? Si ni za kutupa tu, mathee. Ni za juzi, lakini si level yangu sasa."

"Nitakushonea makava mengine bure, ya viti vyote, ya ngozi, na mfuniko wa tairi la akiba. Unipatie hizo, na pleti zile pale."

"Aki wewe! Sharp. Chukua zote."

Alishona wiki tatu. Vidole vya mkono wa kulia vilifungwa plasta, kasoro kile cha kuelekezea uzi. Siku ya mwisho aliingia uwanjani na shokapu nne na pleti mbili ndani ya toroli la supamaketi. Mwadini alizikamua shokapu moja moja, akazisikiliza zinavyovuta pumzi, akasema ni nzima kama zimezaliwa jana, na kufunga hatodai kitu. Placide alichungulia kutoka chini ya gari. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Lakini gari lilikuwa la chama, na kitu cha chama hakifungwi nati bila sahihi ya Prezida. Hakuna Mkongomani wa chama hicho aliyewahi kuvunja utaratibu huo, hata wale waliovunja mengine yote. Jocelyne akazipeleka kwenye kikao. Prezida alizipokea kwa mikono miwili, akapigwa picha nazo, akamwita Jocelyne mama wa mfano. Wajumbe wakapiga makofi. Alisema sahihi itatoka.

Siku ya kumi, Prezida aliingia uwanjani kujaza upepo, akiwa katika bakkie, pikapu yake mwenyewe nyeupe. Ilipita juu ya reli ya geti bila kutingishika. Mwadini aliinama, akaangalia chini, akanyanyuka polepole.

"Shemeji," alimwita Jocelyne. "Njoo uone shokapu zako."

Zilikuwa zimefungwa Marshalltown, na fundi asiyejua kukaza. Pleti nazo zilikuwepo, zimepakwa rangi nyeusi.

Jocelyne alisimama mbele ya mlango wa bakkie. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilimtoka.

"Prezida, hizo ni za gari la msiba."

"Mama Jocelyne," Prezida alijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Tufikiri pamoja. Gari la msiba lina watu wanne chini, na wanafanya kazi vizuri kabisa. Hii yangu ina nani?"

Hapohapo aliona kwamba ameshinda hoja, akapandisha kioo.

"Eish," akasema Mwadini, aliyekuwa na miaka ishirini mjini.

Kutoka chini ya Land Cruiser, Mama Héritière alisema maneno fulani ya sokoni kuhusu mama mzazi wa Prezida. Magari yakaendelea kupita juu.

Jocelyne alirudi kwenye mashine yake. Alikata masalio ya ngozi na sponji ya viti vya Sandton, akashona mito minne midogo ya begani, yenye mkanda wa kupita kwapani. Wa Placide aliutia tabaka mbili. Akalala kifudifudi kwenye lami, akamvalisha mwenyewe.

"Inakutosha?"

"Inanitosha. Jojo, usikae chini hapa, kuna mafuta."

Mwezi wa tisa kamati ilitunga kanuni mpya, na safari hii katibu aliandika kila neno. Kwa kuwa marehemu wameonyesha moyo wa kujitolea, ilisema, kila mwanachama atakapofariki, akishapelekwa na kuzikwa, atarudi kuchukua zamu chini ya gari. Zamu haina mwisho uliotajwa. Viongozi wameondolewa zamu kwa sababu ya majukumu. Wanachama wote wajaze fomu mapema, ili kusiwe na fujo.

Fomu zilifika uwanjani Jumamosi, siku ambayo gari lilikuwa linafungwa riboni kwa harusi. Prezida alikuwa ndani tayari, na kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni. Jocelyne aliisoma yake mara mbili, kwa sababu shule yake haikwenda mbali. Palikuwa na mahali pa jina na mahali pa sahihi. Chini kabisa palichorwa gari dogo lenye miraba minne, na maneno: chagua kona.

Aliomba kalamu kwa Mwadini. Akaweka alama nyuma kushoto, akakaza mkono mpaka karatasi ikatoboka.

"Hapo pana mtu, shemeji," Mwadini akasema.

"Najua."

Mwadini aliichukua karatasi, akaipeleka kwa katibu. Aliporudi aliweka viganja viwili juu ya ile kona, akakandamiza. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Ndani, Prezida alipiga funda la chai. Haikumwagika hata tone.

"Moja," akasema Mwadini.