Posho ya Mzee wa Mtaa

Kazi ya mzee wa mtaa haikuwa na mshahara, ndiyo maana ikawa ya Bi Twaiba. Mtaa wao uko nyuma ya Munje, upande wa kwenda Ramisi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeitamani kazi hiyo. Mume akimvunja mkewe jino, anaitwa Bi Twaiba. Mbuzi akila muhogo wa watu, Bi Twaiba. Kijana akitaka kitambulisho, sharti Bi Twaiba afike kwa chifu aseme anamjua yeye na babake. Malipo yalikuwa "Mungu atakulipa, bibi," na mara mojamoja kuku, naye mara nyingi jogoo mzee asiyeiva.

Tusimpambe. Bi Twaiba hakuwa malaika. Ulimi wake ulichoma, na siri aliyoisikia kwenye kesi asubuhi, jioni iko kisimani. Jirani yake Dzombo, Bi Twaiba alimwita mwizi wa nazi mbele ya wakwe zake. Kweli alikuwa mwizi wa nazi, lakini wakwe ni wakwe. Hata hivyo, Bi Twaiba alipohitajika alikwenda, kwa mvua na kwa jua.

Alikaa kwa mwanawe Luqman, mwendesha bodaboda, katika chumba cha uani kilichokuwa banda la kuku. Nyumba yake mwenyewe ilianguka wakati wa masika. Kuta alikwisha kuzisimamisha tena kwa udongo, yalikuwa yamebaki mabati. Kwa mwanawe alikula alichopakuliwa na mkaza mwana wake, Zainabu, ambaye alikuwa mwepesi wa maneno na mzito wa kupakua.

Siku redio iliposema kuwa inatungwa sheria ya kuwalipa wazee wa mitaa posho kila mwezi, Bi Twaiba alicheka peke yake mpaka machozi. Akamwambia kila aliyepita, "Posho ya kwanza, mabati. Ya pili, kitanda. Kisha nawapisha watoto, wakae kwa raha zao." Hapo ndipo alipokosea. Angalinyamaza! Ya watu alizoea kuyatangaza, na sasa akatangaza na yake, kabla hayajamfika mkononi.

Wiki haikuisha, kazi ya bure ikapata wapenzi. Ghafla watu wakagundua kwamba Bi Twaiba amezeeka, kwamba hakusoma, kwamba ana mdomo. Dzombo akaenda kwa Chifu Rai kusema mtaa unataka damu mpya. Na hiyo damu mpya ilikuwa Zainabu, aliyekuwa na cheti cha kidato cha nne na aliyefua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani mpaka alipopunguzwa kazi.

Bi Twaiba alimkuta uani akipara samaki.

"Mwanangu, haya ninayoyasikia ni kweli?"

"Mama, kazi ya mshahara yataka mtu aliyesoma," alisema Zainabu bila kuinua kichwa. "Nawe umefanya ya kutosha. Pumzika."

"Nipumzike wapi? Bandani?"

"Kwani banda lina nini? Kuku walikaa, na hawakulalamika."

Luqman alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akiosha pikipiki. Alisikia vizuri sana. Akaendelea kusugua tairi.

Chifu Rai akaitisha mlolongo kwenye uwanja wa shule: wagombea wawili wasimame mbele, na kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Kura ya siri ina huruma yake, mtu hukuchinja kisha akakupa mkono. Mlolongo hauna huruma hiyo. Bi Twaiba aligeuka, akawaona nyuma ya Zainabu wanawake aliowatoa mikononi mwa waume zao, na vijana aliowasimamia wakapata vitambulisho. Dzombo alikuwa wa kwanza kwenye mstari, ameoga na kuvaa kanzu. Asante ya punda ni mateke, lakini mateke yenyewe yanauma.

Wakahesabiwa, wakawa sawa. Wakahesabiwa tena, sawa. Ndipo chifu alipomwona Luqman amesimama pembeni ya uwanja, ameegemea pikipiki yake.

"Wewe hujasimama kokote. Njoo uchague."

"Mimi niko kazini, Chifu."

"Njoo."

Bi Twaiba alimtazama mwanawe akija, na moyo wake ukatulia, maana mtoto ni mtoto. Luqman alimpita karibu hata mamake akasikia harufu ya petroli kwenye shati lake. Akaenda kusimama nyuma ya mkewe. Vigelegele vikapigwa. Bi Twaiba aliumia mahali ambapo hakujua kwamba bado panaweza kuuma.

"Sasa, Chifu," Zainabu aliuliza akitabasamu, "mshahara wenyewe waanza mwisho wa mwezi huu?"

"Mshahara upi?"

"Si huo wa redio?"

Chifu Rai alicheka. "Ule ni mswada, uko Nairobi. Haujapita. Na hata ukipita, lazima kiwango kipangwe kisheria. Mwakilishi wadi mwenyewe hajipangii mshahara, hupangiwa na tume. Mimi vilevile. Nyinyi mlitaka mchague, nimewachagulisha. Kwa leo mzee wa mtaa hana haki ya hata senti." Kisha akakumbuka jambo. "Zainabu, kuna maiti imetolewa mtoni Ramisi. Imekaa majini siku kadhaa. Polisi wanamngoja mzee wa mtaa akaitazame, kama ni mtu wetu."

Zainabu alishika mdomo. "Mimi? Mimi siwezi maiti. Sitaki kazi hii, mpeni mwingine!"

Macho yote yakarudi kwa Bi Twaiba. Luqman akatoka kwenye mstari wa mkewe, akamjia mamake.

"Mama, shika wewe. Wewe umezoea."

"Palipokuwa na mshahara sikuwa mamako," alisema Bi Twaiba. "Sasa haupo, nimekuwa mama?"

Watu wengine walicheka. Luqman aliona haya, na haya ikamfanya katili.

"Basi usishike. Lakini ujue, vile vijikuku unavyoletewa ndivyo vinavyokulisha pale kwangu. Bila kazi hii utakula nini?"

Hakuna aliyemkemea. Dzombo ndiye aliyepatanisha, maana alikuwa mtu wa haki siku hiyo. "Bibi ashike kwa sasa. Sheria ikipita, posho ikianza, tutapiga mlolongo upya." Chifu akaona ni sawa, na wote wakaona ni sawa.

Bi Twaiba alijifunga leso kiunoni. Mwanawe alimpeleka mtoni kwa pikipiki, naye njia nzima alishika chuma cha nyuma, hakumshika yeye. Bi Twaiba aliitambua ile maiti, alikuwa mtu wa mtaa wao. Akaenda kuwapa habari wafiwa.

Bado ni mzee wa mtaa. Redio ikiutaja ule mswada, Zainabu huongeza sauti. Na kila baada ya sala ya alasiri, Bi Twaiba huinua mikono, akamwomba Mola auzuie usipite, wasilipwe wazee wa mitaa popote Kenya, maadamu yu hai.