Asali Kwenye Mabomba

Mshale wa mita ya maji ulikuwa umesimama. Jua la Julai liliunguza mabati, kama kawaida yake hapa Arkansas, na ndani ya banda maelfu ya kuku wa nyama walihema midomo wazi. Nilibonyeza chuchu ya bomba la kunyweshea, ile kuku wanayoidonoa wapate maji. Kavu. Iliyofuata ilitoa ute wa kahawia, unaonuka kitunguu saumu.

"Mama! Umeweka nini kwenye tangi?"

Mama alikuja mbio, akautazama mkono wangu.

"Dawa tu. Saumu, tangawizi, asali. Kundi lililopita si waliharisha wakafa? Kampuni imekataza antibiotiki. Nikae nawaangalia?"

"Asali imechacha ikaziba mabomba, Mama. Hawanywi."

"Basi wewe uliyesoma useme tunafanyaje."

Pampu ya kusukuma uchafu ule alikuwa nayo Travis, msimamizi wa kampuni. Na mkataba wetu wa kuifugia kampuni kuku wake ulikataza kuwapa chochote bila ruhusa. Nilitoa simu hata hivyo.

"Usimpigie!" Mama akanishika mkono. "Hatatuletea vifaranga tena. Tugonge chuchu mojamoja."

Tukagonga. Mabomba yalienda mpaka mwisho wa banda, na kuku walinipanda viatuni, wameinua vichwa. Mmoja akalala ubavu, akarusha miguu, akatulia. Kisha mwenzake. Mimi hata kuagiza chakula kwa simu hunitoa jasho. Nikapiga.

"Travis, maji hayatoki. Tuliweka asali kwenye tangi."

"Mliweka *nini*? Wee Pahoua! Fungua ncha zote za mabomba. Nakuja. Na kilichobaki kwenye tangi usikimwage."

"Amesemaje?" Mama, asiyejua Kiingereza, aliniuliza kwa Kihmong, lugha yetu.

"Anakuja."

"Amekasirika?"

Nikakimbilia mabomba. Nilifungua ncha mojamoja, na kila nilipogeuka niliona wengine wamelala.

Travis alipofika hakutusalimia. Aliunga pampu, ikanguruma, mabomba yakatapika ute, kisha maji. Kuku wakavamia, wakakanyagana. Travis akajaza chupa kutoka kwenye tangi, akaifunga ili aipeleke ofisini.

"Nani aliweka?"

Mama alisoma swali usoni mwake. "Mwambie ni mimi peke yangu. Usiongeze kitu."

Nikamtafsiria. Travis alitazama mizoga, akatutazama.

"Ofisi itawapigia kesho."

"Tutapewa vifaranga?" Mama akauliza.

"Watapiga simu, Mama."

Akainama, akamwinua kuku aliyelegea, akamfikisha mdomo kwenye chuchu. Halafu mwingine.