Kichwa cha Kitinda na Tepu ya Mama

Helmeti kubwa kuliko zote stoo ilikaa juu ya kichwa cha Kitinda kama kifuniko cha soda kwenye mtungi. Aliisukuma chini kwa viganja viwili, akafumba macho, akaisukuma tena. Alipoiachia, ikapanda yenyewe taratibu kama unga uliotiwa hamira. Redio, ambaye kazi yake ilikuwa kujaza upepo boti za mpira na ambaye hakupewa jina hilo kwa kukaa kimya, alimzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akashauri waifunge hivyohivyo, maana wageni wakiiona kwa mbali watajua mbele kuna hatari.

Stoo nzima ilicheka, na Kitinda naye akacheka ili asiwe yeye peke yake ambaye hajacheka. Alikuwa msichana wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu lake lingekufikia karibu na mchana. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yake, na jina hilo likamfuata mpaka kazini, kwenye kampuni iliyowateremsha wageni mtoni. Kazi yake ilikuwa kufua majaketi ya kuogelea na kuyaanika.

Lakini jioni, boti zikisharudi, Kocha alimruhusu kuchukua kayaki kuukuu, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, na kwenda kwenye maji yaliyotulia chini ya daraja. Kocha ndiye aliyekuwa mkuu wa waongozaji wote, mtu mkavu asiyesifu hata jua likichomoza. Alimfundisha kushika kafi, kupinduka kichwa chini miguu juu, na kujigeuza tena bila kutoka kwenye kayaki. Mwanzoni Kitinda alikunywa mto karibu nusu. Baadaye ikawa mchezo. Huko chini ya maji hakuna aliyemwuliza kitu, na akiibuka hakuna aliyesubiri jibu.

Kisha nafasi ya mtu wa usalama ikabaki wazi. Mtu wa usalama hutangulia mbele ya boti kwa kayaki ndogo, hushuka maji ya kasi peke yake, halafu husubiri chini awaokote wanaorushwa. Kocha alimwambia Kitinda kuwa atampima Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akishinda, kazi ni yake. Asipofika, kuna kijana wa juu ya mto ambaye tayari ameshaomba. Na kwenye maji ya kasi sharti lilikuwa moja, halikuwa na mjomba wala shangazi: bila helmeti inayokukaa, huingii.

Kitinda alipiga simu duka la vifaa vya mtoni lililokuwa mji wa mbali. Mwenye duka akamtaka kipimo cha kichwa. Jambo hilo halikumpa taabu hata kidogo, kwani mama yake alikuwa fundi cherehani, na fundi mwenyewe ndani ya nyumba, utahangaika nini? Mama alimkalisha kwenye kigoda mbele ya kioo kirefu, akamzungushia tepu juu ya nyusi na juu ya masikio, akaiangalia kwa miwani iliyoning'inia puani, akasema hamsini na nane. Kitinda akaipeleka hamsini na nane kama alivyopewa.

Helmeti ilikuja na basi la mizigo. Haikuingia. Mwenye duka alishangaa, akasema huenda viwandani wamechanganya, akamletea nyingine ya saizi inayofuata. Nayo ilimbana kwenye paji na kisogoni mpaka macho yakamtoka kama ya mtu aliyesikia habari za ghafla. Redio alimwuliza kama huko ndani kuna ubongo au kuna mpangaji. Siku zikawa zinakimbia, na yule kijana wa juu ya mto alishaonekana mara mbili akinywa chai na waongozaji.

Ndipo Kitinda akafanya jambo ambalo binti wa fundi angelifanya. Nguo ikibana si unafumua bitana? Alichukua kiwembe cha mama, akaketi uani, akabandua sponji zote za ndani ya helmeti, kipande baada ya kipande. Akaivaa. Ikaingia, ikashuka mpaka juu ya nyusi, akajitazama kwenye beseni la maji na kujiona mtu wa usalama kamili.

Kesho yake alimpelekea Kocha. Kocha aliipokea, akaigonga kwa vidole mara moja, akasikiliza ule mlio, kisha akatazama ndani.

"Umeniletea sufuria," alisema.

Alimweleza, bila kupandisha sauti, kuwa gamba la nje kazi yake ni kupokea jiwe tu, na kinachokukinga kichwa ni sponji. Ukivaa gamba tupu, jiwe likipiga nje, gamba nalo linakupiga ndani, umepigwa mara mbili kwa safari moja. Akaongeza kwamba Jumamosi haisogei. Kama ni helmeti hiyo, basi asijisumbue kuja. Kitinda aliinamisha kichwa ambacho siku hiyo alikiona kizito kuliko siku zote, akaondoka akiwa ameikumbatia sufuria yake.

Alimkuta mama ana mteja, mke wa mwenye duka la dawa, mama mnene mcheshi aliyependa kujigeuza mbele ya kioo. Mama alimzungushia tepu kiunoni. Akamwambia themanini na mbili, shoga yangu, wewe huzeeki. Mteja akacheka kwa furaha, akaacha kitambaa chake na kuondoka akitembea kama bibi harusi. Mama akatandaza kitambaa mezani, akamwomba Kitinda ashike pindo, akachukua chaki.

Kitinda alikuwa ameshika mapindo ya vitambaa mezani hapo tangu alipoacha shule darasa la tano. Alijua, kama anavyojua kupumua, kwamba mama alitamka namba moja na kukata nyingine. Aliyefika na kiuno cha tisini aliambiwa themanini na kitu, akaondoka na furaha yake, na siku ya kuchukua gauni likamkaa kama limemwagwa juu yake. Namba ilikuwa ya masikio, mkasi ulikuwa wa mwili. Hakuna aliyewahi kuumia, maana heshima aliyoitoa mdomoni mama aliilipa mwenyewe kwenye kitambaa.

Chaki ikapita kwenye tisini. Kitinda akaachia pindo.

Hakuwa na mdomo wa kumwambia mama yake kwamba amemdanganya. Neno hilo lingeingiaje ndani ya nyumba ile? Alikwenda kukaa kwenye kigoda, akaomba apimwe kichwa tena. Mama alisema alishampima, kichwa hakikui kwa usiku mmoja, lakini akaja. Tepu ikazunguka.

"Hamsini na nane," alisema mama.

Kitinda alimtazama kupitia kioo. "Mama, nisomee kama unavyokata. Usinisomee kama unavyosema."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akaishika tepu vizuri, kama anavyoishika akiwa peke yake mezani, akainama.

"Sitini na tatu," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema kwamba Kitinda alipokuwa mdogo watoto wa mtaa walimwimbia, na yeye alikuwa akiwasikia akiwa kwenye cherehani. Akajiapiza kwamba dunia yote ikikitaja kichwa cha mwanawe, yeye hatakitaja. "Nimekipunguza miaka yote hii, mwanangu. Kofia za shule nilikushonea kwa kukisia, nikakwambia ni saizi ya wote."

Kitinda hakujua acheke au alie. Akasema kuwa kofia zile zilimkaa vizuri.

"Lazima zikukae. Nilizikata mimi."

Basi, mficha uchi hazai. Walipiga simu pamoja, sauti ikiwa wazi mezani kati ya vipande vya kitambaa. Mwenye duka aliposikia sitini na tatu alipumua kama aliyetua gunia. Akasema anayo moja, ya gamba kubwa, imekaa rafu ya juu siku nyingi ikisubiri mwenyewe. Ila kwanza ajue, kichwa ni cha mviringo kama mpira au kirefu kama yai, kwa sababu vichwa viwili vya sentimita zilezile vinaweza kugombana na helmeti moja.

Hapo mama akaivuta simu upande wake. Ufundi ulimpanda. Alitaka kujua kina cha helmeti kutoka utosini mpaka ukingoni, upana wa masikio, sponji za paji zina unene gani na kama zinabadilishwa. Alimgeuza Kitinda huku na huku, akasoma kila kipimo kilivyo, bila kumhurumia mtu. Mwenye duka mwishoni akamwuliza kama anatafuta kazi.

Helmeti ilifika Ijumaa jioni, ya rangi ya chungwa inayoonekana hata ukifumba macho. Jumamosi Kocha aliishika ukingo wa mbele akaisukuma nyuma, akaishika nyuma akaisukuma mbele. Ngozi ya paji la Kitinda ikaenda nayo, ikarudi nayo. Hicho ndicho alichotaka kuona: helmeti haitelezi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa mto.

Mahali pa mtihani waongozaji walipaita Jikoni, kwa vile maji hapo yalichemka mchana na usiku bila moto. Mama alisimama ukingoni kando ya Redio, mkoba kifuani. Kitinda aliwaona mara moja, kisha hakuwaona tena, maana mto ulishamvuta.

Wimbi la kwanza alilipanda. La pili lilimpiga ubavuni kabla hajaliandaa kafi, na dunia ikageuka chini juu. Maji yakamjaa puani, kelele zote zikawa uji mmoja mzito. Kisha jiwe likamgonga kichwani, ko! Alilisikia, lakini halikumuuma. Helmeti haikusogea, wala macho hayakufunikwa. Kwa hiyo hakuwa na la kufanya huko chini isipokuwa lile alilozoea: akanyoosha kafi mpaka likakata uso wa maji, akazungusha kiuno, akatulia kidogo, akazungusha tena.

Akaibuka akikohoa, mbele ya mkondo, kayaki ikiwa bado imeelekea alikotaka. Akapiga makafi matatu ya nguvu na kuingia kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba. Ukingoni mama alikuwa amekaa chini kwenye majani, mkoba umemwagika, na Redio alikuwa kimya kabisa, amemshika bega.

Kocha alifika akiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Alimtazama kichwani, akamtazama machoni, akamwuliza leo ni siku gani. Kitinda akajibu hapohapo, bila kusubiri mchana ufike.

"Usitoke hapo," alisema Kocha. "Boti zinakuja."

Akapanda kurudi juu. Kitinda alijipanga vizuri nyuma ya mwamba, pua ya kayaki ikitazama mkondo. Boti ya kwanza ikatokeza kwenye kona, imejaa watu ambao walishaanza kupiga mayowe kabla ya kufikwa na lolote. Mwongozaji aliyesimama nyuma alikuwa akimtafuta kwa macho, akisubiri ishara ya kafi. Kitinda akalinyanyua kafi juu, wima, mpaka mkono ukanyooka wote. Njia ilikuwa wazi.