Tairi la Ishirini na Sita

Laurean alikuwa amepiga goti kibarazani, anashindilia majani makavu ndani ya tairi la nyuma kwa mpini wa kijiko. Mpira wa ndani ulikwisha zamani. Viraka vilipandana juu ya viraka mpaka solusheni ikakosa pa kushika, na tangu masika yaishe baiskeli yake ilikuwa inakwenda kwa majani, kama ng'ombe. Tairi lenyewe lilikuwa limepasuka ubavuni, akalifunga kwa vipande vya mpira, na kila gurudumu lilipozunguka kile kifundo kiligonga fremu. Mtaa mzima wa Mbwawa ulijua Laurean anapita kabla hajapita.

"Leo usihangaike kulijaza sana," alisema mkewe, Stellamaris, akimwaga maji ya kuoshea vyombo. "Si unakwenda kulitoa?"

"Sasa kutoka hapa mpaka dukani nilibebe begani?"

"Nasema tu. Mbuzi wa jirani nao wanataka kula."

Laurean akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku kadhaa. Alikuwa na sababu. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amepita jioni akitangaza kwamba matairi ya baiskeli yamefika kwenye duka la ushirika, pamoja na mipira yake ya ndani, kwa ajili ya wafanyakazi na wakulima. Sharti lilikuwa moja: ulete tairi bovu ndipo uchukue jipya. Sharti hilo Laurean alilipenda. Alisema ndiyo dawa ya walanguzi, maana mlanguzi atatoa wapi tairi bovu wakati hata baiskeli hapandi?

Tairi hilo kwake halikuwa anasa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao kando ya barabara kuu, Kibaha, na geti la kiwanda lilifungwa king'ora kikilia. Basi la wafanyakazi lilikuwa limelala juu ya mawe likisubiri spea. Kila mtu alifika kwa njia yake, na njia ya Laurean ilikuwa baiskeli ya majani, ambayo ikikorofisha njiani ilibidi ashuke na kuisukuma. Wiki iliyopita msimamizi wa zamu, Silvanus, alimwita pembeni.

"Laurean, mimi sina ugomvi na baiskeli yako," alimwambia. "Lakini ukichelewa tena, usiingie ndani. Pitia kwa karani uchukue chako, uende."

Hakuwa anatania. Nje ya geti vijana walikaa kila asubuhi juu ya magogo wakisubiri mtu achelewe. Laurean aliwafahamu kwa sura, na wao walimfahamu kwa mlio wa tairi. Leo alikuwa amebadilishana na mwenzake, aingie zamu ya mchana. Akipata tairi asubuhi, saa nane atakuwa getini anapumua kama mtu. Asipolipata, au foleni ikimchelewesha, ndiyo basi.

Dukani alikuta baiskeli moja tu imemtangulia kwenye foleni. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyofanya: baiskeli inakaa mstarini kwa niaba ya mwenyewe, naye anakaa kivulini akisubiri. Hakuna aliyethubutu kuisogeza ya mwenzake. Laurean aliegemeza yake nyuma ya hiyo, baiskeli nyeusi aina ya Fonisi yenye keria kubwa ya mbao, akaenda kusalimia wazee waliokaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo Fonisi ya mbele yako ni yangu miye," alisema mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya viua. Akajitambulisha kuwa ni Pazi, wa Vihingo, kule Kisarawe. Alikuwa ametoka kwao jana, akalala hapo hapo barazani. Baiskeli ilikuwa inabeba mihogo yake kwenda mnadani, na siku hizi ilimbeba pia mkewe, Mwanahalima, kumpeleka hospitali kusafishwa kidonda cha mguu.

"Kwetu hakuna duka la kuleta matairi," alisema. "Kwetu linafika tangazo tu."

Meneja wa duka, Ndugu Wilfred, alitoka ndani akiwa amevaa kaunda suti iliyonyooshwa ikanyooka kweli. Alipanda juu ya kreti akatangaza utaratibu. Kwanza kila mtu avue tairi lake bovu alilete mbele. Yote yakatwe kwa panga, yarundikwe, ili hilo hilo lisije likazungushwa tena na mjanja mwingine. Yakishakatwa ndipo mafurushi ya matairi mapya yafunguliwe na watu wagawiwe. Kila kitu kiwe tayari kabla ya adhuhuri, kwani mgeni kutoka mkoani angefika kushuhudia ugawaji.

Watu wakainama kwenye baiskeli zao. Vijiko vikatoka mifukoni, maana siku zile mwenye baiskeli hakukosa kijiko, cha kufungulia tairi. Pazi peke yake alibaki amesimama, mkono juu ya tandiko.

"Miye hilo jipya sijaliona," alisema. "Langu hili bovu nalijua, na linanifikisha. Nikilitoa likakatwa, mkononi nitakuwa na nini?"

"Mzee, foleni isonge," alisema Wilfred.

"Wafungue basi nitazame kwanza."

Waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika. Jua lilikuwa linapanda, na Laurean aliuona mchana wake ukipungua kwa ajili ya ubishi wa mzee mmoja. Akamsogelea.

"Mzee wangu, yamo mle ndani, watu wameyaona yakishushwa. Hawa hawawezi kutudanganya mchana kweupe, tena mbele ya mgeni wa mkoa. Nipe kijiko nikufungulie."

Pazi aliutoa mkono kwenye tandiko. Halafu akampa kijiko. Laurean akalivua lile tairi yeye mwenyewe, kwa haraka na ustadi, akalipeleka pamoja na lake. Kijana wa panga akayalaza kwenye gogo akayakata. Majani ya Laurean yakamwagika chini, na watu wakacheka, naye akacheka nao.

Rundo lilipokuwa kubwa Wilfred aliamuru mafurushi yaletwe. Kamba za katani zikakatwa, karatasi ikachanwa. Matairi yalikuwa mapya kweli, meusi, kila moja na mpira wake wa ndani, yananuka upya. Watu wengine walifumba macho wakayanusa. Mzee Pazi alikuwa wa kwanza, lakini kwa adabu yake alimsukuma Laurean mbele: "Pokea wewe, unakwenda kazini."

Laurean akalipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo kwenye gurudumu lake. Akaingiza upande mmoja, akavuta upande wa pili. Halikufika. Akadhani amekosea, akaanza upya. Tairi lilikaa juu ya rimu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Ndipo akaligeuza na kusoma namba ya inchi iliyochongwa ubavuni: ishirini na sita. Rimu yake ilikuwa ya ishirini na nane. Fonisi ya Pazi, ishirini na nane. Hakukuwa na baiskeli ya kiume Kibaha nzima isiyokuwa ya ishirini na nane.

"Haya ni ya baiskeli za watoto," mtu mmoja alisema nyuma yake.

"Watoto wa nani?" mwingine akauliza.

Kelele zikapanda. Wilfred alichukua tairi moja, akaiangalia namba, na Laurean akaona uso wake ukibadilika. Ilikuwa wazi kwamba hata yeye hakujua. Lakini kushangaa kwake hakukudumu.

"Ndiyo yaliyoletwa," alisema. "Mimi sikuagiza. Nimeletewa, nimegawa."

"Na yetu uliyoyakata?"

"Utaratibu ni utaratibu, ndugu yangu."

Watu wote wakageuka kutazama lile rundo. Matairi mabovu yaliyowafikisha kazini, shambani na hospitali mwaka mzima yalilala vipande vipande.  Laurean alimwogopa Silvanus, aliwaogopa wale vijana wa kwenye magogo, lakini zaidi ya yote aliogopa kugeuza shingo kumtazama Pazi.

Pazi alikuwa amekaa chini, gurudumu limelala mapajani.

"Mzee," Laurean alisema. "Mzee, mimi…"

"Hukujua, mwanangu," alisema Pazi. "Ungejua ungenambia."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu.

Wilfred akamshika Laurean mkono, akamvuta nyuma ya magunia matupu ya chumvi. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa urafiki ambao hawakuwahi kuwa nao.

"Wewe unaonekana mtu mwelewa. Unafanya kazi pale kwenye mbao, sivyo? Kwa Silvanus?"

"Ndiyo."

"Silvanus ni shemeji yangu, nimemwoa dada yake. Sasa sikiliza. Mgeni yuko njiani. Akifika, atataka mmoja wenu ashukuru kwa niaba ya wenye baiskeli. Utasimama wewe. Maneno mawili tu: tumepokea, tunashukuru. Basi. Mimi nitamtuma mtu kwa shemeji sasa hivi. Ingia kazini saa yoyote unayotaka, leo na hata mwezi mzima, hakuna wa kukugusa. Na ya ishirini na nane yakija, la kwanza ni lako."

"Na hawa wengine?"

"Wengine wanakuhusu nini? Una mke, una watoto. Kazi siku hizi unaijua ilivyo."

Laurean aliijua. Alimfikiria Stellamaris na vile vyombo vilivyooshwa mapema kwa sababu hapakuwa na kingine cha kupika. Alifikiria chumba chao cha kupanga. Hakuna mtu atakayepata tairi kwa sababu yeye amekataa, hilo lilikuwa wazi. Matairi yamekwisha kukatwa. Maneno mawili hayatawaongezea wala kuwapunguzia.

"Sawa," alisema, na aliposema hivyo alijisikia mwepesi, halafu mara moja akajisikia vibaya.

Landrova ilifika vumbi tupu. Mgeni kutoka mkoani alishuka, mtu mnene mwenye sauti nzuri, akasalimia kila mtu, akaketi kwenye kiti kilichotolewa ndani. Alihutubia juu ya hali ngumu ya uchumi, kufunga mikanda, na jinsi ambavyo serikali haikumsahau mwananchi wa kawaida anayekwenda kazini kwa jasho lake. Aliyaonyesha matairi mapya kwa mkono. Alilisifu pia lile rundo lililokatwa, akasema huo ndio uaminifu. Watu walipiga makofi pale ambapo watu hupiga makofi. Hata Laurean alipiga. Kila mmoja alikuwa amevalishwa tairi lake jipya begani, kwa agizo la Wilfred, na kwa macho ya mgeni hakukuwa na kasoro yoyote.

"Sasa," alisema Wilfred, "mwakilishi wa waendesha baiskeli atatoa neno la shukrani. Ndugu Laurean, mfanyakazi wa kiwanda."

Laurean akasimama. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga vizuri mdomoni. Aliwatazama watu. Mzee Pazi alikuwa ameweka lile tairi la bure begani kama walivyoagizwa, na viganja vyake alikwisha kuviinua kidogo, tayari kumpigia makofi mtu aliyemvulia tairi.  

Laurean akageuka akaenda kwenye baiskeli yake, akalichukua gurudumu la nyuma, akarudi nalo mbele ya kiti cha mgeni.

"Ndugu mgeni," alisema, "tairi linashukuriwa kwa kufungwa. Naomba nilifunge hapa ulione."

"Vizuri sana," alisema mgeni. "Vitendo. Ndivyo tunavyotaka."

Laurean akapiga goti. Akatoa kijiko mfukoni. Akaingiza upande mmoja wa tairi kwenye rimu, akauminya kwa goti, akaanza kuvuta upande wa pili. Kijiko kikapinda. Akatoa jasho. Akaanza upya, taratibu, bila kumtazama mtu.  Uwanja mzima ulikuwa unatazama mikono ya mtu mmoja.

Mgeni alisubiri huku akitabasamu. Tabasamu likaanza kumchosha.

"Pengine ni jipya, bado gumu," alisema. "Meneja, hebu msaidie mwenzako."

Wilfred hakusogea.

"Meneja. Msaidie."

Wilfred akaja. Akapandisha suruali kidogo isije ikaharibika, halafu akaona haiwezekani, akapiga goti kwenye vumbi na majani ya Laurean. Akashika tairi upande wa pili. Vichwa vyao karibu vigongane.

"Umejimaliza," alinong'ona. "Leo hii hii Silvanus atasikia. Kazi huna."

"Najua," alisema Laurean. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo tangu azaliwe. "Vuta upande wako."

Wakavuta. Rimu ikalia, mpira ukalia, jasho la meneja likadondoka juu ya ile namba ubavuni. Pazi alikuwa ameteremsha viganja vyake, ameviweka magotini.

"Kwa nguvu, ndugu zangu," alisema mgeni kutoka mkoani. "Haya ni matairi mazuri, nimeyapokea mwenyewe. Vuteni kwa nguvu, yataingia." Na ili kuwatia moyo akaanza kupiga makofi, akawageukia watu wamfuate, akaendelea kupiga peke yake.