Jenereta Chini ya Ngazi

Umeme ulikatika saa mbili na nusu asubuhi, na kabla chai haijapoa, jenereta ya mwenye nyumba ilianza kunguruma chini ya ngazi. Mama Boila alikuwa ameinama juu ya beseni, akikamua shuka. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, siku pekee ya kufua nguo zake mwenyewe baada ya wiki nzima ya kufua za wagonjwa.

Jina hilo alipewa kazini. Miaka ishirini na miwili ameendesha boila ya chumba cha kufulia nguo hospitalini, ile mashine ya kuchemshia maji. Kwenye orodha ya mishahara ameandikwa mfuaji, daraja la tatu, lakini boila ikigoma wahandisi humpigia simu yeye kumuuliza valvu ipi ifungwe kwanza. Hilo alijivunia, na hakuona haya kulisema.

Ilipofika saa tano kichwa kilianza kumgonga. Siku ya tatu sasa. Mwanzo alisingizia macho, akasema anahitaji miwani. Ila jana kichwa kilikuwa kimetulia chenyewe kabla hajafika lango la hospitali, na aliporudi nyumbani kikaanza upya.

Mlango wa pili ukafunguka. Fundi cherehani alitoka akijishika ukutani, akainamia ndoo, akatapika.

"Pole, mdogo wangu. Umekula nini?"

"Sijatia kitu mdomoni tangu jana, dada. Kichwa kinapasuka. Na huyu mwanangu hata shule hakwenda. Namwamsha, anafumbua macho, analala tena."

Mama Boila aliingia akamgusa binti paji la uso. Halikuwa na joto. Hakukohoa wala kutokwa na kamasi. Alikuwa amelegea tu, kama nguo iliyolowa.

"Ulianza lini kuumwa?"

"Juzi."

"Jana ulipokwenda sokoni?"

Fundi cherehani alifikiri. "Sokoni nilikuwa mzima kabisa. Kwani vipi?"

Juzi ndiyo siku msimamizi wa nyumba alipoiingiza jenereta ndani kutoka uani. Alisema anaogopa mvua na wezi. Akaifunga kwa mnyororo chini ya ngazi, akapigilia mbao kwenye mlango wa nyuma. Tangu hapo umeme ulikuwa ukikatika kila usiku, na mashine ikinguruma hadi alfajiri. Mama Boila aliona aibu kwamba yeye, anayeijua hatari ya moshi kuliko wote, alilala siku mbili juu ya kitu kile akitafuta miwani.

"Mbebe mtoto. Tokeni nje, sasa hivi."

"Ngoja nivae viat..."

"Nje!"

Alipita akigonga milango kwa kiganja. "Tokeni wote! Moshi wa jenereta! Acheni vyombo, tokeni!" Mtu mmoja alimfuata na kitambaa kibichi puani. Akamwambia kitambaa hakizuii gesi hiyo, atoke haraka tu. Mwingine alitaka kurudi kumchemshia mtoto maziwa yaondoe sumu. "Maziwa hayaondoi chochote, kaka. Hewa safi ndiyo dawa. Kaa hapa."

Barabarani aliwahesabu. Walioshinda nyumbani siku hiyo walikuwa tisa. Aliona wanane.

"Mlinzi yuko wapi?"

Mlinzi hufanya kazi usiku na kulala mchana, na chumba chake ndicho kilichopakana na ngazi.

Mama Boila alivuta pumzi ndefu akarudi ndani. Alianza na jenereta, akazima swichi. Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko kelele. Mlango wa mlinzi ulikuwa umefungwa kwa komeo. Aliupiga teke mara mbili, komeo likang'oka. Mwanamume yule alikuwa amelala chali, mashavu yamemwiva mekundu, mdomo wazi. Alimshika kwapani akamburuta. Pumzi ilimwishia mlangoni, lakini fundi cherehani alikuwa amefika, akashika miguu. Wakamtoa.

Gari la kuleta nyama kwenye bucha la mwenye nyumba, pale chini, lilikuwa limeegeshwa mbele. Mlinzi na binti wakapakiwa, mama mtu akapanda nao.

"Ukifika usiseme homa," Mama Boila alimwambia. "Ukisema homa watakupanga foleni. Sema wamevuta moshi wa jenereta, nyumba nzima imeumwa kwa pamoja, wanahitaji oksijeni. Umeshika?"

"Nimeshika, dada."

Gari lilipoondoka ndipo msimamizi akatokea bucha, mikono kiunoni.

"Nani kazima mashine? Nyama ya bosi inaharibika kwenye friji!"

"Mimi."

"Wewe mfua nguo unajua nini kuhusu jenereta? Mbona mimi hapa bucha siumwi?"

"Bucha lako lina mlango mpana na unaangalia barabara. Sisi umetupigilia mbao. Moshi unapanda ngazi unaingia vyumbani."

"Namwita bwana afya aje akutie adabu."

"Mwite. Umenipunguzia safari."

Bwana afya alifika kwa pikipiki, fomu kwapani. Aliingia ukumbini, akanusa, akatoka.

"Mimi sinusi kitu."

"Hutanusa," alisema Mama Boila. "Inaitwa kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, wala haichomi macho. Pale kazini tuna kengele ukutani inayolia ikizidi. Hapa kengele ni vichwa vyetu. Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanatapika bila homa, wakitoka nje wanapata nafuu, hapo usisubiri kunusa."

"Una cheti cha fani hiyo?"

"Nina miaka ishirini na miwili, na sijawahi kupoteza mtu."

Watu waliokuwa wamekaa ukingo wa barabara walicheka, mmoja akapiga makofi. Bwana afya alikohoa kidogo. Wakati huohuo simu ya Mama Boila ililia. Fundi cherehani alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja: wote wawili wamewekewa oksijeni, mlinzi amefumbua macho na kuuliza nani amevunja mlango wake. Daktari amesema wangechelewa kidogo tu, yangekuwa mengine.

Mama Boila aliiweka simu sauti kubwa, bwana afya akasikia kila neno. Akafungua fomu.

"Basi natoa notisi. Mwenye nyumba aiondoe mashine ndani ya siku kumi na nne."

"Siku ngapi?"

"Ndiyo utaratibu, mama. Mikono yangu imefungwa."

Mama Boila hakubishana. Aliwageukia majirani. "Nipeni watu wanne wenye mgongo wa kubeba." Walisimama sita, wengine wa nyumba za jirani. Kwanza waling'oa mbao za mlango wa nyuma na kufungua kila dirisha, wakangoja nje hewa ipite. Kisha wakakata mnyororo kwa msumeno wa chuma, wakaibeba jenereta yeye akiwaongoza: pole pole, inua upande wako, sasa kushoto. Aliwapeleka hadi mwisho wa ua, mbali na madirisha yote, akageuza bomba la moshi lielekee nje. Akaelekeza waijengee kipaa cha bati kisicho na kuta.

Msimamizi alikuwa akipiga kelele kwenye simu. Bwana afya aliwafuata na kalamu yake.

"Nitalazimika kuandika kwamba mmegusa mali ya mtu bila ruhusa."

"Andika," alisema Mama Boila, akijifuta grisi kwa upindo wa gauni. "Na chini yake andika kwamba nyumba hii ina wapangaji kumi na tisa, na wote wanapumua."

Bwana afya aliitazama fomu juu mpaka chini. "Haina sehemu ya hilo."

"Basi andika pembeni."

Mama Boila akasimama palepale, mbele yake, hadi bwana afya alipoandika.