Kupaka Kabla Haijakauka

Goti lilipomtoa fundi rangi kazini, alipata kazi nyingine isiyo na likizo: kulea mjukuu. Mtoto alikuwa na miezi saba, na kwa jinsi alivyoamuru watu kwa kelele, fundi alimwita Bosi. Binti yake alimleta kila asubuhi akienda kiwandani kushona, jioni akamchukua.

Wiki ya tatu Bosi akatoka vipele. Makalio na mapaja yaliiva kama yamemwagiwa maji ya moto. Binti akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mama mkwe wake yuko tayari kumlea mtoto. Angesubiri hadi Jumamosi aone kama vipele vimepona, basi.

Mke wa fundi alishafariki. Bosi akiondoka, nyumba ingebaki yeye na redio. Akaongeza bidii. Mafuta ya mtoto akayapiga mkono wa kwanza kama rangi ukutani, akapiga wa pili, kisha akakaza nepi isivuje. Pakiti ya nepi iliandikwa kwamba moja hudumu kwa muda wa saa kumi na mbili, na yeye si mtu wa kutupa kitu kabla ya wakati wake, kwa hiyo aliiacha nepi mpaka ining'inie. Vipele vikazidi.

Jumatano akambeba mtoto hadi zahanati. Nesi alimlaza Bosi mezani, akauliza anamhudumiaje. Fundi akaeleza kwa majivuno: anamfuta kwa kitambaa cha maji, anapaka mafuta palepale, anafunga.

"Unangoja akauke?"

"Nani, Bosi?"

"Ngozi yake, babu."

Fundi akainama kuitazama ngozi ya mtoto. Miaka thelathini aliwatukana vibarua kwa kosa hilohilo. Ukipaka ukuta mbichi unafungia unyevu ndani, na mwezi hauishi rangi imevimba malengelenge. Hata aliwahi kumfukuza kibarua mmoja kwa ajili hiyo.

"Ningekuwa kibarua wangu, ningejifukuza," alisema.

Nesi hakuelewa, ila alicheka. Akamweleza kwamba mkojo na choo vikikaa ndivyo vinavyounguza ngozi. Abadilishe nepi kila saa mbili tatu, na ya choo hapohapo. Amwoshe kwa maji matupu, amkaushe taratibu bila kusugua, asikaze nepi, na kila siku amwache wazi apate hewa. Asipoona nafuu kwa siku tatu, arudi.

Kazi ya kungoja kitu kikauke fundi aliijua. Alitandika sakafuni turubai lake la kazini, lenye madoa ya nyumba za watu, juu yake shuka safi. Bosi akalala uchi, anarusha miguu. Alikojolea shuka mara nne, shati la babu mara moja. Fundi alimgusa kwa mgongo wa vidole, vile alivyokuwa akipima plasta, na hakufungua kopo la mafuta mpaka aridhike.

Jumamosi binti alikuja na mkoba mtupu wa kubebea nguo za mtoto zilizokuwa kwa babu. Salamu ilikuwa fupi. Akafungua nepi, akainama. Wekundu ulikuwa umekwisha, isipokuwa baka dogo kwenye mkunjo wa paja.

"Na hapa, baba?"

"Hapo bado. Usiniharakishe."

Binti akamfuta mtoto, akanyoosha mkono kuchukua mafuta. Fundi akalivuta kopo upande wake.

"Ngoja akauke kwanza."

Wakakaa chini wote wawili, wakimtazama Bosi akijaribu kula kidole cha mguu. Binti akauliza kama Jumatatu akimleta saa kumi na mbili itakuwa mapema mno. Fundi akasema Bosi ndiye anayepanga zamu.

Alipoondoka, mkoba ulikuwa mtupu vilevile.